Mjomba, Nunua Simu Ukiwaza Siku Itakayoanguka

Kundi la WhatsApp la ukoo wetu hulala mwaka mzima. Likiamka, ujue kuna msiba au korosho. Safari hii ilikuwa korosho. Bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo msimu wa 2024/25, hela zikaanza kusoma benki, na mjomba wangu wa Tandahimba, mkoani Mtwara, akatuma sauti: "Wapwa zangu, dukani wameniwekea Samsung A15 na Redmi Note 13. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?"

Kwetu Wamakonde mjomba akiuliza, unajibu. Wapwa walioko Dar wakajibu kweli. Picha za vipimo zikamiminika, huyu kaweka jedwali, yule kaweka video, mpaka mmoja akaandika kwa herufi kubwa: REDMI. MEGAPIKSELI 108. MJADALA UMEFUNGWA.

Umefungwa na nani? Mtu hajakanyaga shamba la mikorosho tangu amalize darasa la saba, leo anamfungia mjomba mjadala.

Hizo 108 nizimalize upesi. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kamera ya Redmi Note 13 inaunganisha nukta tisa kuwa moja, picha inatoka na megapikseli 12. A15 ina 50, inaunganisha nne nne, inatoka na 12 na ushee. Ukizitaka zote 108 unaingia kwenye mipangilio ya kamera uwashe mwenyewe, na mjomba hata tochi anawashiwa na mjukuu. Halafu picha yenyewe anaituma WhatsApp, ambako inabanwa tena. Ndicho kitu mlichogombania mpaka saa saba usiku.

Mimi nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Kutwa watu wananipitishia simu zao dirishani: nisomee meseji hii dada, hela imeingia au haijaingia. Kwa hiyo kamera za watu sizijui, ila vioo navijua. Kuna vyenye mstari wa kijani juu mpaka chini, kuna vyenye doa jeusi linalotambaa kila siku kidogo, na kuna vilivyobandikwa selotepu ili vipande visimkate mwenyewe. Simu hapa Kusini haifi kwa uzee. Inaanguka kwenye bodaboda, inateleza mfukoni mtu akiinama kuokota korosho, mtoto anaikalia.

Jirani yangu ni fundi simu. Juzi kaja mama mmoja, mwalimu, na Redmi ya aina hiyo hiyo, kioo kimepasuka. Fundi akamwambia ukweli: "Mama, kioo chenyewe OG hapa mjini sina, mpaka kitoke Kariakoo. Ninacho cha kopi." Mwalimu alikuwa anataka kurudi kazini na simu inayowaka, akasema weka hicho. Nikawa naangalia. Fundi akailaza simu kwenye mashine ya joto, gundi ikalegea, akapitisha kikadi cha plastiki ukingoni polepole, kioo cha zamani kikang'oka na vumbi la vigae. Akafuta, akachomeka kipya, kikawaka. Kila mtu kafurahi. Rangi zimepauka kidogo, nyeusi imekuwa kijivu, lakini simu si inafanya kazi?

Mwalimu akaja dirishani kwangu kutoa hela. Akaweka kidole chini ya kioo alipozoea. Kimya. Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza tena, akabonyeza mara ya tatu kama anagonga kengele ya geti la watu waliosafiri. Kwenda kumuuliza fundi, fundi anasema: hiyo ndiyo basi tena, kwa kopi haikubali.

Na hajasema uongo. Redmi Note 13, hiyo ya 4G, inasoma kidole kwa kichunguzi kilichofichwa chini ya kioo. Kioo chake ni cha AMOLED, yaani kila nukta inawaka yenyewe. Kinamulika kidole, mwanga unarudi chini kupitia nafasi ndogo zilizo katikati ya nukta, na kichunguzi kinaona alama. Vioo vingi vya kopi si AMOLED. Ni LCD, ambayo kwa nyuma ina tabaka la taa linaloziba njia yote. Kichunguzi kipo, kizima kabisa, kimefunikwa gizani.

A15 nayo ina kioo cha AMOLED, nayo itavunjika, na kopi yake itapauka vilevile. Lakini kidole chake kinasomwa ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Ubadilishe kioo mara ngapi, uweke OG, uweke takataka, kitufe hakihusiki. Hii ndiyo tofauti ambayo haimo kwenye majedwali yenu, kwa sababu majedwali yanaandikwa kwa simu iliyotoka kwenye boksi. Kwa mtu wa Tandahimba simu inaanza maisha yake halisi siku inapoanguka.

"Si aagize kioo Dar?" Sawa. Ni zaidi ya kilomita 550. Utume hela kwa mtu usiyemjua, kioo kipakiwe kwenye basi, kifike hakijapasuka, na kiwe ni cha simu hiyo kweli. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga hata mtu mwenyewe hapiti, sembuse kioo. Hayo nayo mngeyaweka kwenye jedwali.

(Najua kuna atakayesema mkaza mjomba anabangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda, kidole chake hakisomwi popote pale. Kweli, na wateja wa hivyo ninao wengi. Huyo aweke namba ya siri, tuendelee.)

Haya, Redmi ina mazuri yake, nayasema kwa shingo upande. Kubwa ni kwamba ina kinga ya vumbi na matone ya maji, ile wanayoiandika IP54, na A15 haina. Kuanzia Mei na Juni, mashine za kupulizia zikianza kunguruma mashambani, salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inaingia kila mahali, mpaka kwenye tundu la chaji. Wapwa wa Dar hapo mlikuwa na hoja nzito mkononi, ila mngejuaje salfa ni nini. Juani pia Redmi inang'aa zaidi, unasoma meseji katikati ya shamba bila kujifunika shati kichwani. Na boksi lake linakuja na kichwa cha chaji cha wati 33. Samsung wanakupa waya, kichwa ukatafute mwenyewe, na vichwa vya bei poa vinavyotembezwa mitaani tunavijua. Kwa kampuni yenye hela zile, hiyo ni aibu.

Rimoti ya kuzima televisheni kwa simu? Ipo kwenye Redmi. Mjomba akabadilishe chaneli kibanda umiza Simba na Yanga wanacheza, tuje kumzika mapema.

Jambo jingine ni apdeti. A15 ilitoka na Android 14, na Samsung waliiahidi matoleo manne mapya na miaka mitano ya marekebisho ya usalama. Redmi Note 13 ilizinduliwa Januari 2024 ikiwa na Android 13, wakati 14 ilishatoka tangu Oktoba 2023. Imezaliwa imechelewa. Ongeza na yale matangazo ambayo Xiaomi wanayapachika ndani ya programu zao wenyewe. Mzee anataka kufungua faili, anaonyeshwa mchezo wa kasino. Simu hiyo ndiyo itakayobeba benki yake na M-Pesa yake.

Msiniambie A16 imeshatoka. Mjomba kauliza hizi mbili, na mfuko wake anaujua yeye.

Achukue A15. Ila mjomba, kabla hela haijatoka mkononi, washa simu hapo hapo dukani. Bonyeza *#06#, namba ya utambulisho wa simu (IMEI) ikitokea ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakujibu ni simu gani. Usisahau usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu feki zilipozimwa, watu waliamka na vigae mfukoni. Muuzaji akikuambia mtandao unasumbua utaangalia ukifika nyumbani, mrudishie simu yake. Na kava ununue dukani hapo hapo, kabla hujapanda bodaboda.