Aliyepika Pilau Naye Kachangia

Hata kumi la mwisho la Ramadhani halijaingia, kwenye grupu la familia tayari imeshuka sauti ya ba'mkubwa. Ndefu kweli. Salamu, dua, kumbukumbu za marehemu babu, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbusha geti lifungwe: "Idd ni Temeke kama kawaida, kila mtu elfu hamsini, kinamama mjipange." Nikaiweka simu kifudifudi, nikaendelea kukuna nazi ya futari. Niliikuna kwa hasira, nusura nijikune na vidole.

Mnaotoka kwenye koo kubwa mnajua kinachofuata. Mweka hazina anafungua orodha: jina, kiasi, na tiki ya kijani pembeni. Anayelipa mapema anamwagiwa maua na makofi. Ambaye hajalipa anaandikiwa "bado", na "bado" hiyo inasambazwa upya kila asubuhi, wote tuione. Mwaka jana wifi yangu alibaki "bado" mpaka Idd yenyewe. Wifi ni mama ntilie. Sasa niambieni, mama ntilie wa Dar anamuuzia nani ugali mchana wa Ramadhani? Mwezi mzima meko yake yalikuwa baridi, na elfu hamsini haikupatikana.

Mtazameni basi huyo wa "bado" usiku wa kuamkia sikukuu. Kwanza hajui kama kesho ni sikukuu. Mfungo ni siku 29 au 30, jibu liko kwa mwezi. Nyama imeshaletwa kutoka Vingunguti, vitunguu vimemenywa ndoo nzima, tangawizi na vitunguu saumu vimetwangwa, na watu wamekodolea macho runinga wakimngoja Mufti. Akisema mwezi haujaonekana, nyama yote hiyo inachemshwa na chumvi ilale, maana friji haitoshi hata robo yake. Akisema umeonekana, hakuna kulala. Sisi tuna na la ziada: wajomba wa Mbagala wanafuata Makka, hawamngoji mtu. Kwa hiyo kuna miaka familia moja ina Idd mbili, na zote mbili zinataka pilau. Masheikh watajadiliana. Mimi nasema tu kwamba masufuria ni yaleyale na anayeyasugua ni yuleyule.

Saa nane usiku wifi alikuwa uani, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, anakaanga vitunguu kwenye sufuria la shughuli. Vitunguu vya pilau havina mzaha. Ukivitoa mapema, pilau inatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Ukizubaa kidogo vinaungua, na uchungu wake hautoki hata ufanyeje. Kwa hiyo hawezi kuondoka, hata kwenda kunywa maji. Anageuza, moshi ukimfuata usoni. Anainua mwiko kwenye mwanga wa simu kuangalia rangi, anaurudisha. Kisha nyama, bizari nzima, mdalasini, iliki, mchele, na mwisho kupalia makaa juu ya mfuniko. Kulipokucha wanaume wakatoka kwenda kuswali, kanzu zimenyooka, manukato mpaka barabarani. Wakarudi wakakuta masinia yamepangwa mkekani. Wakala, wakashiba, na ba'mkubwa akasimama kuwashukuru "wote waliofanikisha shughuli hii". Akasoma majina. Yale ya tiki.

Wifi hakuyasikia, alhamdulillah. Alikuwa uani anagombana na watoto waliokuwa wanang'ang'ania ukoko.

Jambo lenyewe linaniuma kwa sababu mji huu umejaa wapishi wa shughuli, na kazi hiyo ina bei. Nilipotoa wazo tukodi mpishi, shangazi alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, pilau ya kukodi haina baraka." Haya. Turubai tulikodi. Viti tulikodi. Spika tulikodi, na kijana wa kuwasha kaswida akapewa na nauli ya bajaji. Kote huko baraka ilibaki salama salimini. Inaingia hatarini ikifika jikoni tu.

Na msiniletee ile ya heshima ya mwanamke wa nyumba. Heshima gani isiyoandikwa kwenye orodha? Pesa ni mchango, sikatai; mchele unanunuliwa, na bei ya nyama wiki ya Idd wote tunaijua. Lakini elfu hamsini ukishaituma kwa simu umemaliza, unajifunika shuka. Mtu aliyekesha kwenye moto, mgongo umemkatika, akaswali Idd yake peke yake chumbani akinuka moshi kwa sababu muda wa kwenda uwanjani haukupatikana, huyo katoa nini? Ukipiga hesabu kwa bei ya mpishi wa kukodi, wifi kawazidi wengi waliosomewa majina. Na tulimwandikia "bado".

Sisemi tusikutane. Kwa shingo upande nakiri kwamba watoto wa Tabata na wa Kigamboni, wanaoonana kwenye picha mwaka mzima, siku hiyo wanashikana mikono wakizunguka mtaa kudai mkono wa Idd, na jioni wanalilia Coco Beach kwa sauti moja. Baba alipofariki, waliobeba jeneza ni hawahawa wala pilau. Hilo halinitoki. Hata uani kwenyewe kuna raha yake: nani kaachika, nani kauza kiwanja cha Chanika kimyakimya, yote yanapatikana penye moshi. Sebuleni wana Simba na Yanga tu. Nikiambiwa nichague pa kukaa, nakaa uani. Nimesema kukaa.

(Ya "na wewe tunakula pilau yako lini?" nayaacha. Yale yanataka makala yake na dawa ya presha.)

Mwaka huu nimemwandikia mweka hazina pembeni: ama kila anayepika aandikwe na tiki yake, bila kudaiwa shilingi, ama kila mtu aongeze elfu kumi tulete mpishi. Kasoma. Kajibu kwa kidole gumba, ambacho kwenye ukoo wetu huwezi kujua kina maana gani. Mpishi mwenyewe nimeshaongea naye, yuko Tandika, anakuja na masufuria yake na vijana wawili wa kuosha vyombo, na anataka nusu ya pesa kabla mwezi haujaandama. Wanaohofia baraka itapungua wana mpaka Ijumaa kujiandikisha zamu ya vitunguu, saa nane usiku, wanaume kwa wanawake. Kanga nitawaazima.