Kondoo Hoi, Fidla Hoi

Makubaliano yangu na lile kundi la muziki wa kale yalikuwa mafupi: niendeshe gari la mizigo, nibebe hapsikodi, na wakati wa onyesho nikae kando ya mpigaji nimfunulie kurasa. Mwanafunzi wa Leipzig, Ujerumani, hakatai euro. Mama nilipomweleza kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, tumekuuzia shamba la mikarafuu ukabebe vinanda?" Nikamwambia, kimoja tu, mama. Akakata simu.

Hapsikodi, kwa ambaye hajawahi kuibeba, ni kinanda kirefu chenye nyuzi za waya ambazo hazigongwi kama za piano. Zinadonolewa na vipande vya unyoya vilivyochomekwa kwenye vijiti vyembamba, na vijiti hivyo viko vingi, vimejipanga safu. Juu ya safu hiyo inalazwa papi ya mbao, kazi yake kuvizuia visiruke. Ikumbukeni hiyo papi.

Wenyewe kundi wana imani kali kwamba Vivaldi, mtunzi wa Kiitalia wa karne ya 18, lazima apigwe kwa vyombo vya zama za Vivaldi. Noti ya A, ambayo vyombo vyote hutyuniwa kwayo, wanaishusha hadi hezi 415, yaani mitetemo 415 kwa sekunde, wakati orkestra nyingi za leo ziko 440 au juu zaidi. Nyuzi za fidla si za chuma, ni utumbo wa kondoo uliosokotwa. Sauti yake tamu, sikatai, lakini utumbo unadeka: hewa ikibadilika kidogo tu umeshahama sauti, na siku ukichoka unakatika bila kuaga.

Basi ilikuwa Julai, kanisa la kijijini nje ya mji, joto la kukausha mate. Dada wa hapsikodi alikuwa ameshatyuni mchana kutwa. Watu walipoingia na pumzi zao na jasho lao, kila kitu kikaharibika, akaanza upya. Pembeni yake alikaa mzee wa teorbo. Mimi mtu wa Unguja, udi naujua; teorbo ni kitukuu cha udi kilichorefuka shingo hadi chombo kizima kinakaribia mita mbili, na hiki chetu kilikuwa na nyuzi 14. Mwandishi mmoja wa Hamburg, Mattheson, alishawasema watu hawa tangu 1713: mpiga luti, ndugu wa teorbo, akifika miaka 80, jua miaka 60 kaimaliza akityuni. Mzee wetu alionekana amedhamiria kuimaliza yote usiku ule.

Hatimaye wakaanza. Kipande chenyewe "Kiangazi", katika ile Misimu Minne ya Vivaldi iliyochapwa Amsterdam mwaka 1725 pamoja na mashairi ya kueleza kinachotokea. Shairi linafungua kwa jua kali: mtu hoi, kundi la kondoo hoi. Nikacheka kimoyomoyo, maana kondoo hoi nilikuwa nawaona palepale, wamefungwa juu ya fidla.

Sijafunua hata ukurasa wa kwanza, paa! Uzi mwembamba wa mpigaji mkuu umekwenda. Kumbe utaratibu wanao. Mkuu akanyakua fidla ya jirani, jirani akanyakua ya aliye nyuma yake, yule wa mwisho akabaki na mgonjwa, akatoka naye kwa kunyata hadi chumba cha mchungaji kumtia uzi mpya. Muziki haukusimama. Nusu ya watu walidhani ndivyo Vivaldi alivyoandika. Punde, paa! ya pili. Fidla zikahama tena, na chumba cha mchungaji kikapata mgeni mwingine.

Sehemu ya pili ni ya polepole, inaeleza nzi wanaomnyima usingizi mchunga kondoo. Nzi halisi nao walihudhuria. Mmoja alitua juu ya kipara cha mzee wa teorbo, ambaye mikono yote miwili ilikuwa kazini, akabaki anachezesha nyusi.

Hapo ndipo kijiti kimoja cha hapsikodi kikagoma kushuka. Dada akaing'oa papi, akanitupia mapajani, akakisukuma kijiti kwa kidole, kikatii. Kabla hajageuka kuidai papi yake, mpigaji mkuu kainua upinde: sehemu ya tatu, dhoruba!

Pigo la kwanza tu, vijiti vikaruka kama bisi. Kimoja kikaangukia nyuzi, kingine kikaviringika hadi kwenye kiatu cha mpiga selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa. Dada akanikodolea macho. Nikasimama, nikaibandika papi mahali pake, na kwa kuwa komeo zake sikuziona zilipo, nikaikandamiza kwa viganja vyote viwili, nimeinama juu ya kinanda mbele ya kanisa zima.

Ukurasa ukafika mwisho. Dada akanitazama. Mimi nikatazama mikono yangu.

Wakati huohuo mlango wa chumba cha mchungaji ukafunguka, akatoka yule wa fidla ya kwanza kukatika, uzi mpya unang'aa. Akaona hali, hakuuliza. Akanyoosha upinde, ncha ikafunua ukurasa vizuri kabisa. Kurasa mbili.

Bahati, katika muziki ule mkono wa kulia wa hapsikodi hubuniwa papo hapo kwa kufuata tarakimu zilizoandikwa kwenye mstari wa besi, yaani sauti ya chini inayopigwa na mkono wa kushoto. Sasa dada akabuni na wa kushoto. Mzee wa teorbo akamtazama, akashtuka, akamfuata hukohuko alikokwenda.

Walipomaliza, kanisa likalipuka. Watu wamesimama, wanapiga miguu sakafuni. Bibi mmoja wa safu ya mbele akanishika mkono akaniuliza nimejifunza kwa miaka mingapi kukandamiza vile. Makofi hayakomi, wanataka nyongeza.

Mpigaji mkuu akageuka kukagua fidla zilizobaki na nyuzi nne kamili. Akawaza. Akatangaza: dhoruba, tena.

Dada hakutafuta komeo. Alinionyesha papi kwa kidevu tu, nikakunja mikono ya shati.