Jitolee, Lakini Omba Karatasi

Vyuo vikishafunga tu, simu yangu huanza kuingiza swali lile lile la wauguzi wapya, kwa maneno karibu yale yale: "Shikamoo dada. Nimemaliza, leseni nimepata. Nijitolee au nisubirie ajira?"

Zamani nilijibu kwa neno moja: jitolee. Siku hizi nasema jitolee hospitalini bila mshahara, lakini omba karatasi ya makubaliano. Hiyo karatasi imenigombanisha na watu, wauguzi wenzangu wakiwemo, kwa hiyo acha nieleze inatoka wapi.

Nilimaliza stashahada, nikafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nikapata usajili na leseni. Nikatoa kopi za vyeti, nikapeleka kwa wakili vikagongwa mihuri, kisha nikakaa nyumbani miezi 3 nikifungua tovuti ya ajira kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki. Mama hakusema kitu, ila wageni wakiuliza aliwaambia "bado yuko mazoezini." Mwisho nikaandika barua ya kuomba kujitolea kwenye hospitali moja ya serikali. Katibu wa afya aliisoma amesimama, akaikunja, akasema, "Kesho njoo na sare."

Basi, nikawa nimeanza kazi.

Ratiba ya zamu ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha dawa. Waajiriwa waliandikwa kwa wino. Sisi watatu wa kujitolea tuliandikwa kwa penseli, chini kabisa. Matroni alisema ni ili iwe rahisi kufuta mtu akipata kazi, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Mwezi wa kwanza nilimfuata mwajiriwa nyuma kama kifaranga. Mwezi wa 4, usiku, wodi ya wanaume, mwajiriwa niliyepangwa naye akaitwa kusaidia leba. Nikabaki mimi, wagonjwa 30 na kitu, na tochi ya simu. Asubuhi alirudi, nikamsimulia usiku wote, akaandika ripoti na kusaini yeye. Saini yangu haikuwa na mahali pa kukaa.

Sikatai kwamba nilijifunza. Kutafuta mshipa wa mzee aliyekaukiwa maji, kumsoma mgonjwa usoni kabla kipimo cha presha hakijasema, kuzungumza na ndugu wanaopiga kelele kwa sababu wanaogopa: hayo chuo hakikunipa, wodi ile ilinipa. Ndiyo maana bado nasema jitolee.

Mwezi wa 7 nikajichoma. Sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Nikawa nasukumia sindano yangu ndani, ya mtu mwingine iliyokuwa imelala kiupande ikanipata kidoleni. Ya mgonjwa gani, hakuna aliyejua. Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, nikaenda kliniki, nikapimwa, nikaanzishiwa dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya VVU, za siku 28 ndani ya saa moja. Hapo walinitendea vizuri, siwezi kudanganya. Ikaja fomu ya ajali kazini. Ina sehemu ya cheki namba, ile namba ya mtumishi anayelipwa mshahara na serikali. Aliyekuwa akiijaza aliinua macho, akanitazama, kisha akachora kistari.

Kistari kile nimekibeba mpaka leo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamtambua mtu mwenye mwajiri anayemchangia. Mimi nilikuwa mtu wa penseli. Kama majibu yangu yangekuja vibaya, ningekuwa binti aliyepita hospitalini akajichoma.

Wazee wetu hupenda kusema vijana wa siku hizi wanachagua kazi. Kazi ipi hiyo ya kuchagua? Mwaka 2023 serikali ilitangaza nafasi 8,070 za kada za afya kwa nchi nzima, na hapo muuguzi anagawana na tabibu, mfamasia, mtu wa maabara na wengine. Wagonjwa kujazana wodini hakufungui nafasi; nafasi inafunguliwa na kibali cha Utumishi na fungu la mishahara. Ajira mpya ziliposimamishwa mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi, wodi hazikufungwa na vyuo havikuacha kuhitimisha watu. Foleni ikarefuka, na pengo likazibwa na wanaojitolea. Tukisema ukweli, anayeziba ni mama wa binti anayejitolea, anayetoa nauli ya daladala kila siku ili wodi ya serikali iwe na mtu wa zamu. Na leseni nayo haiulizi kama una mshahara, muda ukiisha inadai kuhuishwa.

Ajira yangu ya kwanza niliipata hospitali ya shirika la dini, mkoa ambao sikuwa nimewahi kuukanyaga. Kama uko Dar unasubiri Dar, jaribu huko. Wenzako wengi hawaombi kwa sababu ya umbali tu. Kwenye usaili wakauliza nimefanya kazi wapi. Nikataja miezi yangu 11. Wakaomba barua ya uthibitisho, na sikuwa nayo. Katibu aliyenipokea alishahamishwa, aliyekuja hakuwahi kuniona, na ratiba za penseli ni nani anazitunza? Aliyeniokoa ni matroni, aliyepiga simu kwa salio lake mwenyewe akaniombea.

Kwa hiyo karatasi ninayoisema si mkataba wa mshahara. Ukurasa mmoja unatosha: unaanza lini na kumaliza lini, nani anakusimamia, hutaachiwa wodi peke yako, ukiumia nani anahusika, na ukimaliza utapewa barua. Nauli wakiweza kuitaja, vizuri zaidi. Wenzangu wanasema ukidai hayo watamchukua mwingine asiyedai. Inawezekana. Lakini kumkumbatia anayenyamaza ndiko kulikotufikisha kwenye kistari, na hospitali isiyoweza kuandika jina lako kwenye karatasi moja ina shida kubwa kuliko wewe.

Mdogo wangu mmoja wa chuoni alinisikiliza. Alienda na barua yake pamoja na rasimu ya ukurasa huo, ameichapa vizuri kabisa. Katibu akaipokea, akasema wazo ni zuri, apite Jumatatu. Jana ilikuwa Jumatatu ya tatu. Kwenye ratiba ya zamu ameshapangwa usiku.