Ampu ya mtumba inahukumiwa kwa kosa lisilo lake

Kuna rai inayozidi kupata nguvu kwa wanamuziki wa Unguja na Pemba: bendi inayojipanga isiguse chombo cha mtumba. Gitaa la besi na ampu, yaani mashine ya kukuza sauti ya gitaa, vinunuliwe vipya, hata vya daraja la chini, Darajani au kwa kuagiza Kariakoo, kwa sababu cha mtumba hakina dhamana, hujui kimetoka wapi, na siku ya shughuli kitakufedhehesha mbele za watu. Wanaosema hivi si wajinga. Wengi wao wametoa fedha zao wakauziwa mzoga. Lakini naona wanatia besi na ampu katika kapu moja, na wanaoumia ni vijana wenye mfuko mwembamba kuliko wote.

Tuanze na besi yenyewe. Gitaa la besi la umeme ni mti, nyuzi 4, sumaku zilizosukiwa waya, na voliumu mbili tatu. Tangu Fender walipotoa Precision Bass mwaka 1951, mpangilio huo haujabadilika kwa jambo kubwa. Nyuzi zikikazwa zinavuta shingo kwa uzito unaoweza kuzidi kilo 70, usiku na mchana. Mti ambao haukukaushwa vizuri utapinda, na kwa unyevu wa visiwa vyetu utapinda mapema. Besi mpya ya bei ya chini hujui mti wake utafanya nini miezi sita ijayo. Iliyokaa miaka 15 imeshafanya lililokuwa lifanyike, na unaweza kuliona kwa macho: bonyeza uzi mnene kwenye freti (kile kibati chembamba kinachokatiza shingo) ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mwengine, kisha tazama katikati. Nafasi ya unene wa kadi baina ya uzi na freti ya saba au ya nane ni salama. Ukiona kidole kinakaribia kupita, mrejeshee mwenyewe, isipokuwa fundi athibitishe kwamba chuma cha ndani ya shingo, kile cha kuinyooshea, bado kinazunguka.

Kutu kwenye skrubu na nyuzi isikutishe. Voliumu inayokwaruza huponywa kwa dawa ya kupuliza. Cha kutisha ni jina: mtu akikuletea "Fender" kwa bei ya kutupa, tazama nambari, tazama ndani ya mfuniko wa sumaku, linganisha maandishi ya kichwani na ya besi unayoijua. Squier, ambayo ni chapa ya bei nafuu ya Fender wenyewe, ikiuzwa kama Squier ni besi ya heshima kabisa. Yamaha na Ibanez za zamani vilevile. Kwa besi, basi, sioni hoja ya kumkataza kijana mtumba. Hata akichoka nayo, akiiuza atarejesha sehemu kubwa ya fedha yake, na hili lina uzito kwa sababu bendi zetu huvunjika na watu hugawana. Chombo kipya cha bei ya chini hupoteza thamani siku kinapotoka dukani.

Kesi halisi ni ya ampu.

Tatizo lake wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi. Umeme wetu ni volti 230. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Japani ni 100. Ampu iliyotoka huko bila swichi ya kubadilisha inakuja na plagi ya pini mbili bapa, pengine na ya tatu ya mviringo. Muuzaji anaikata, anafunga plagi yetu ya pini tatu, au anampa mnunuzi adapta ya safari ambayo inabadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti. Mzigo wa kawaida uliotengenezewa volti 120 ukiupa 230, nguvu inayopita ndani yake inakaribia mara 4. Ukiwa wa 100, inazidi mara 5. Ikiwa na bahati, fyuzi inakatika palepale. Ikiwa haina, unasikia mvumo mzito, unanusa harufu ya vanishi inayoungua, na transfoma imekwenda. Halafu mtu anabadilisha fyuzi, anatia kubwa zaidi "isikatike tena", na sasa inaungua bodi nzima.

Ampu hiyo ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima Osaka, nzima Chicago, nzima ndani ya kontena, na ilikuwa nzima mpaka dakika ile ilipochomekwa ukutani hapa. Kisha inakwenda kuongeza ushahidi kwamba mtumba haufai. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila nikisikia kisa cha ampu ya mtumba iliyokufa siku ya kwanza, ukiuliza ilitoka nchi gani na nyuma iliandikwa nini, mara nyingi hakuna aliyetazama. Na maandishi yapo, kwenye kibati kidogo karibu na waya wa umeme: volti, na wati zinazotumika. Ampu iliyotoka Uingereza, Dubai au Omani inakuja na umeme kama wetu, hata plagi ni ileile. Iliyotoka Japani au Marekani inunuliwe pamoja na transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa pale nyuma, na bei ya transfoma iingizwe kwenye hesabu kabla ya mkono kuingia mfukoni.

Ukishavuka hapo, ampu kuukuu ina sifa ambayo mpya nyingi hazina: inatengenezeka. Fungua ampu ya besi ya miaka ya 1980 au 1990 utakuta transfoma kubwa, kapasita zinazoonekana, transista za nguvu zilizofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoza. Fundi wa Mlandege aliyejifunza kazi kwa redio na televisheni anaijua hiyo sura. Anapima, anang'oa iliyokufa, anachomelea nyengine, jioni inapiga. Ampu nyingi mpya nyepesi zina vipande vidogo kama punje za mchele, vilivyopangwa kwa mashine, na ikifa sehemu ya nguvu hubadilishwa bodi nzima, ambayo hapa haipo na kuiagiza kunakaribia bei ya ampu yenyewe. Dhamana ya duka la Dar es Salaam, kwa bendi iliyoko Wete, maana yake ni kuvusha mzigo bahari na kusubiri.

Halafu kuna suala la nguvu. Uzi mnene wa besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo inahitaji wati nyingi na spika pana. Fedha inayonunua ampu mpya ya wati 30 ni fedha ya kununua ampu ya chumbani. Mbele ya ngoma mpigaji ataizungusha mpaka mwisho, sauti itapasuka, na koni ya spika itafuata. Fedha ileile kwa mtumba inaweza kuleta ampu ya wati 200 yenye spika ya inchi 15. Bendi inayotamani jukwaa la Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara, tamasha ambalo tangu 2004 limesimama kwenye muziki unaopigwa laivu, haiwezi kufanya mazoezi mwaka mzima besi haisikiki. Na sidhani kuna fedheha katika hilo: besi ya kidumbaki, taarabu yetu ya mtaani, ni sanduku la chai lililokwisha kazi yake, likapinduliwa, likatiwa mti na uzi mmoja, na kwa besi hiyo watu wamecheza harusini vizazi na vizazi.

Upande wa pili una hoja tatu ninazozikubali. Ampu kuukuu ni nzito, zaidi ya kilo 30 mara nyingi, na anayepiga leo Nungwi kesho Paje anaibeba yeye, si mimi. Pili, ampu mpya nyepesi nyingi zinakubali umeme wowote baina ya volti 100 na 240, kwa hiyo umeme ukishuka, au jenereta ikiyumba, zinaendelea kupiga pale ambapo ya zamani inakoroma. Anayekumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ikiishi kwa jenereta, hawezi kulidharau hilo. Tatu ni taka: visiwa ni vidogo, na kila mtumba unaoshindikana una safari moja tu iliyobaki, jaa la Kibele. Hii ya tatu ndiyo nzito zaidi kwangu, lakini inakihusu pia chombo kipya kisichotengenezeka, tena kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo bendi inayopiga kwenye mahoteli tu, ambako meneja anataka sauti ya chini na mitambo ya ukumbi ipo, ninaiambia inunue ampu mpya ndogo, au isinunue kabisa, itafute kisanduku cha kuunganishia besi na mitambo. Bendi ya harusi na viwanja inunue mtumba, lakini inunue ikiwa imewashwa. Iwake robo saa bila gitaa, isikilizwe mvumo. Koni ya spika ibonyezwe kwa vidole vyote sawasawa, taratibu. Ukihisi mkwaruzo, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Ipigwe uzi mnene peke yake, kwa sauti kubwa, sauti iachiwe ife yenyewe. Muuzaji asiyekubali majaribio haya, au anayesema umeme umekatika rudi kesho na fedha, aachwe na mali yake. Na pawepo karatasi ya mauziano yenye nambari ya chombo na mashahidi wawili, kwa kuwa vyombo vya skuli, hoteli na vikundi huibiwa na huuzwa njia hizihizi.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Mnapotangaza ampu kwenye simu mnapiga picha ya mbele, ile yenye jina na taa. Pigeni na ya nyuma, kibati cha volti kisomeke.