Kwa nini Hussein alimwacha Kinjeketile hai

Wapo wanaoona kwamba Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), alimchafua shujaa: Kinjeketile, nabii aliyewapa watu maji ya dawa ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Vita vya Maji Maji, vya kupinga utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanganyika, viliua watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe. Wanahistoria wengine wanafika 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Kumwonyesha kiongozi akiitilia shaka dawa yake, wanasema, ni kumtwisha aliyechapwa lawama ya mwenye kiboko.

Hofu hiyo ina uzito. Lakini tazama tarehe moja. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Maiti za Mahenge, ambako wapiganaji waliishambulia ngome ya Wajerumani mwishoni mwa mwezi huo, hakuziona. Hussein, ambaye anasema wazi kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni, anamwacha aishi hadi baada ya kushindwa. Badiliko hilo ndilo linalobeba mchezo mzima. Aliyetangulia kufa haulizwi kitu. Huyu amebaki, na waliokwenda mbele ya bunduki wakiamini risasi zitageuka maji wanadai jibu kwake.

Wala hakuwa tapeli. Alitaka watu waungane kwanza, kisha wangoje. Umoja waliupokea, kungoja wakakataa. Tena kinywa chake, alipopandwa na pepo Hongo, kilitamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na akizinduka neno hilo linamtisha: kumtoa Mjerumani na kumpokea sultani ni uhuru gani? Mwishoni Wajerumani wanamtaka akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana kesho watoto wataambiwa kuwa kupigana kwenyewe ndiko kulikuwa kosa.

Hapa ndipo jukwaa huharibu kazi. Mwigizaji akiwa na macho ya hila tangu mwanzo, kukataa kule kunakuwa ukaidi wa mwongo. Akiwa nabii asiyetetereka, neno la Seyyid Said linapita kama upepo. Shaka ianzie pale anapozinduka, na jibu la mwisho litoke kwa sauti ya chini, bila ushindi ndani yake.

Na lawama ya mwenye kiboko? Imo tangu mwanzo, kwa wanawake wanaozungumzia njaa huku waume zao wakitumikishwa katika shamba la Bwana Kinoo, bwana wa kikoloni. Mwongozaji akiyafupisha mazungumzo hayo ili kuokoa dakika, walalamikaji watakuwa na haki.