Mneandathali si tusi la kumrushia Mzungu

Kuna maneno yanayozunguka sana siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kampala: eti sisi Waafrika ndio binadamu safi, na Wazungu wamechanganyika na mnyama aitwaye Mneandathali. Nayapinga, ingawa najua uchungu unaoyazaa. Wataalamu wa Ulaya walitupima mafuvu wapate kutuweka karibu na nyani. Sasa na sisi tushike rula ileile?

Kwanza, Waneandathali, jamii ya binadamu wa kale walioishi Ulaya na Asia kisha wakatoweka, hawakuwa wanyama. Picha ya kiumbe aliyejikunja kama sokwe ilitokana hasa na mifupa ya mzee aliyefukuliwa La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, mwaka 1908. Mtaalamu wa visukuku Mfaransa, Marcellin Boule, alimweleza kuwa alitembea ameinama. Mwaka 1957 mifupa ikachunguzwa upya, ikaonekana mzee wa watu alikuwa akiumwa viungo.

Halafu yuko yule wa pango la Shanidar, Iraki. Huyu ndiye anayenigusa zaidi. Mkono wake wa kulia ulinyauka na sehemu yake ya chini haikuwepo, alichechemea, na yaelekea jicho moja halikuona. Mifupa inaonyesha majeraha yalipona, naye akaishi miaka mingi baada ya hapo. Mtu wa hali hiyo hawezi kuwinda peke yake, kuna waliomlisha. Mimi siwezi kuwaita wanyama watu waliomtunza mlemavu wao namna hiyo, tena katika baridi na njaa ya zama zile.

Ama huo usafi wa damu, haupo. Mtaalamu wa vinasaba Svante Pääbo na wenzake walichapisha jenomu, yaani vinasaba vyote, ya Mneandathali mwaka 2010, na ikadhihirika kwamba watu wa asili ya nje ya Afrika wamerithi kwake sehemu ndogo ya vinasaba vyao, ambayo sasa inakadiriwa kuwa takriban asilimia 1 hadi 2. Lakini utafiti wa mwaka 2020 ulikuta urithi huo kwa Waafrika pia, kama asilimia 0.3, kwa sababu baadhi ya watu waliotoka barani walirudi wakazaa na waliobaki. Miongoni mwa jenomu zilizotumika zilikuwemo za Waluhya wa Webuye, Kenya, hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu. Wana ndugu Busia ya upande huu!

Tukitaka la kujivunia, tunalo. Mwaka 1920 mwanajiolojia E. J. Wayland alikuta zana za mawe Sango Bay, kando ya Ziwa Victoria, na utamaduni huo wa kale ukaitwa Sangoani. Jina hilo la kwetu zimepewa hata zana za Kalambo Falls, Zambia. Walimu wa Kyotera na Masaka, wapelekeni wanafunzi Sango Bay wakaione ardhi iliyotoa jina hilo. Hao watoto ni wenyeji wake.