Mlimani na mitaa yake: nani amlaze mwanafunzi?

Kila mwaka wa masomo ukianza, mjadala ni uleule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kijenge mabweni mpaka kila mwanafunzi apate kitanda, au mitaa ya jirani kama Changanyikeni, Msewe na Sinza iendelee kuwapangisha?

Wanaodai mabweni wana hoja nzito. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, linatoka kwa awamu. Hesabu hizo hazikutani, ndiyo maana katika chumba kimoja cha uani utakuta magodoro matatu yameegemezwa ukutani mchana, mtungi mdogo wa gesi nyuma ya mlango na ndoo za maji chini ya meza. Binti anayetoka maktaba saa nne usiku anategemea bodaboda au miguu yake. Mabweni ya Magufuli, yaliyozinduliwa 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, yalipunguza adha hiyo tu. Kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza asiyenacho kinyemela, hakukuanza jana. Na ardhi ilikuwepo: ile lilipofunguliwa jengo la maduka la Mlimani City mwaka 2006 ni ya chuo.

Ila wanaotamani kurudi enzi za kila mtu kulala ndani wasome historia yote. Chuo kilianza 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, watu wakipita dirishani. Kikapanda mlimani 1964. Oktoba 1966 wanafunzi, waliokuwa wakilala na kula kwa fedha za umma, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisemi mabweni ndiyo yaliyoleta mgogoro ule, lakini kupikiwa mlimani hakukuwasogeza karibu na mkulima aliyekuwa akiwalipia.

Uchangiaji gharama, yaani mwanafunzi kulipia sehemu ya gharama zake, na ongezeko la wanafunzi viliwashusha mitaani, na mitaa ikajipanga. Steshenari zikafunguliwa, mama ntilie wakaweka daftari la madeni linalosubiri bumu. Chuo kikifungwa, biashara inadoda. Kila kitanda kipya mlimani ni mpangaji mmoja pungufu Msewe.

Hata hivyo, tunaposema mtaa umenufaika, ni nani hasa? Mwenye nyumba, bila shaka. Fundi anayekitaka chumba hichohicho anashindana na wanafunzi watatu waliochangishana, na mara nyingi ndiye anayehama. Upande huu hauna msemaji kwenye mjadala, na kwangu ndio unaouma zaidi.

Kwa hiyo ningeanza na vitanda vya mwaka wa kwanza na wenye ulemavu. Waliobaki, chuo kikae na wenye nyumba pamoja na serikali za mitaa, kodi ilipwe kwa kufuata awamu za bumu. Hilo halihitaji tofali hata moja.